Baraza la Redio Lisigeuzwe Uwanja wa Kupayukiana

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hii aghalabu hutajwa kwa mzaha, lakini ndani yake mna kanuni nzito ya maisha ya pamoja. Hapana mtu mmoja aliyepewa akili ya watu wote, na jambo linalowahusu wengi halina budi kuzungumzwa na wengi. Ni kwa sababu hiyo nimeamua kuizungumzia leo mijadala ya redio ya mwisho wa juma, hasa ile inayosikika hapa kisiwani Mombasa, kuanzia Kilindini penye meli na makasha hadi Mji wa Kale penye mabaraza na madele ya kahawa.

Yamkini baadhi ya wasomaji, na hasa walimu wenzangu, watauliza: je, redio nayo ni jambo la kuandikiwa makala? Jumamosi na Jumapili mwalimu ana madaftari ya kusahihisha na mwanafunzi ana kazi ya ziada. Redio, kwa maoni yao, ni ya kumliwaza mtu apigaye pasi. Mimi naona kinyume. Saa moja ya mjadala mzuri wa redio humfundisha kijana jambo ambalo ratiba zetu za shule hazijalipatia nafasi ya kutosha: kutoa hoja, kuisikiliza ya mwenziwe, na kuijibu hiyo hiyo aliyoisikia, wala si nyingine aliyojitungia mwenyewe. Naona vilevile kwamba mjadala wa namna hiyo umo hatarini, na kwamba sisi tulio katika elimu tuna wajibu wa kuunusuru.

Asili yake ni barazani

Neno baraza, kama lijulikanavyo na kila mwenyeji wa Pwani, lina maana zaidi ya moja. Ni kile kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta, mbele ya nyumba, na pia ni kikao chenyewe cha watu walioketi hapo. Katika mitaa kama Kibokoni na Kuze, watu wamekuwa wakikutana barazani baada ya sala na baada ya kazi kwa vizazi na vizazi. Hapo huzungumzwa bei ya samaki, siasa za mji, habari za nchi za mbali, na maana ya neno la kale ambalo vijana hawalijui tena.

Mazungumzo hayo yana adabu zake. Mkubwa huamkiwa. Anayesema hakatizwi ovyo. Mzaha una mipaka. Na mtu akileta habari kubwa kubwa, hapakosi mmoja wa kumwuliza kwa upole: "Umelipata wapi hilo, ndugu yangu?" Kwa maoni yangu, swali hilo fupi ndilo roho ya baraza. Pasipo swali hilo, kikao hubaki kuwa cha porojo.

Hata hivyo, tusilisifu baraza kupita kiasi. Lilikuwa na upungufu wake. Halikuweza kuchukua zaidi ya watu kumi au kumi na watano. Waliokaa hapo kwa kawaida walikuwa wanaume. Mama na binti walisikia kilichowapata kupitia dirishani. Na mgeni aliyekuja kutafuta kibarua bandarini, akapanga chumba huko Majengo, hakuwa na baraza la kurithi kwa babu yake. Redio imeivunja mipaka hii. Leo mama aliye jikoni hupiga simu studioni akajibizana na diwani, na fundi cherehani hutoa maoni yake bila ya kuuliza nani mkubwa wa kikao.

Isitoshe, Kilindini yenyewe inatukumbusha kwamba Kiswahili kilikuwa lugha ya mjadala mpana muda mrefu kabla ya studio hizi za leo. Jina hilo latokana na kilindi, maji marefu yafaayo meli kubwa. Pia ni jina la watu: Wakilindini, pamoja na Watangana na Wachangamwe, ndio Thalatha Taifa, yaani yale mataifa matatu ya Mombasa. Kisha bandari ikawaleta watu wa kila pembe ya Kenya. Mwezi wa Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa mji huu, wa bandarini na wa relini wakiwamo, waligoma kwa takriban siku kumi na mbili. Walikutana katika uwanja ulioitwa Kiwanja cha Maskini, wakazungumzia mishahara na hali zao. Mtu wa Pwani na mtu wa bara waliweza kubishana juu ya jambo moja kwa sababu palikuwapo lugha moja iliyowakutanisha.

Sauti zilizotoka mbali

Ni vyema mwanafunzi ajue kwamba uhuru wa kujadili mambo kwa Kiswahili, nyumbani, kwa sauti ya wenyeji, haukuja kama mvua ya masika. Ulitafutwa.

Mnamo 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha hapa Mombasa gazeti dogo la Kiswahili liitwalo Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha jingine, Al-Islah. Ndani ya kurasa hizo aliwahimiza watu wa Pwani watafute elimu, waache uvivu, na wajiulize kwa nini wanaachwa nyuma. Ilikuwa ni sauti ya barazani iliyotiwa katika karatasi. Makala zake kadhaa zilikusanywa zikachapishwa kama kitabu mwaka 1944 kwa jina la Uwongozi, na ndiyo maana hadi leo tunaweza kuzisoma na kubishana nazo.

Redio ilipokuja, kwanza haikuwa ya mwananchi. Matangazo yalipoanza nchini mwaka 1928 yalikusudiwa zaidi walowezi. Katika miaka ya 1950 Mombasa ilikuwa na kituo chake, Sauti ya Mvita, lakini nyuma yake ilikuwapo serikali ya kikoloni. Julai 1954 ikazuka Sauti ya Cairo kwa Kiswahili, na miongoni mwa watangazaji wake wa mwanzo akawamo Ahmed Rashad Ali kutoka Zanzibar. Matangazo yake yaliushambulia ukoloni waziwazi, na wakoloni wakaona haja ya kuitumia Sauti ya Mvita kuwavuta wasikilizaji wasiitege Cairo. Tazama ajabu hiyo! Dola kubwa mbili zilikuwa zikigombania masikio ya mvuvi na mchukuzi wa Mombasa, ilhali mvuvi na mchukuzi wenyewe hawakuwa na nafasi ya kujibu. Walisemezwa tu.

BBC nayo ilianzisha Idhaa yake ya Kiswahili mwaka 1957, na Ujerumani ikafuata mwaka 1963. Baada ya uhuru, mwaka 1964, shirika la utangazaji la Kenya lilichukuliwa na serikali likawa Sauti ya Kenya, na likabaki hivyo hadi liliporudishiwa jina la KBC mwaka 1989. Kwa miaka mingi mwananchi aliyetaka kusikia siasa za nchi yake zikijadiliwa kwa upana alilazimika kungoja jioni, akasogeza mshale wa redio kwenye masafa mafupi, akaitafuta London au Cologne.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa Abdilatif Abdalla, mshairi mzaliwa wa Mombasa. Mwaka 1968 aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Kwa waraka huo alifungwa jela tangu 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani yakatoka mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Yeye mwenyewe alikuwa keshakwenda Dar es Salaam, na mwaka 1979 akajiunga na Idhaa ya Kiswahili ya BBC huko London.

Mwaka huo huo wa 1979, katika shirika hilo hilo, mwana wa Sheikh Al-Amin, Profesa Ali Mazrui, alitoa Mihadhara ya Reith, mihadhara sita ya redio juu ya hali ya Afrika. Hebu fikirini: watoto wawili wa mji mmoja, mmoja akiueleza ulimwengu habari za Afrika kwa Kiingereza, mwingine akiwasemeza watu wa kwao kwa Kiswahili, na wote wawili sauti zao zikitoka London. Naona fahari ninapoyakumbuka hayo, lakini naona pia hasara. Swali alilouliza Abdilatif lilikuwa la nyumbani, na lilistahili kujibiwa nyumbani.

Kipindi kilichokuwa swali

Pamoja na hayo, hata katika miaka ile ya redio moja, palikuwapo kipindi kimoja kilichotufundisha namna ya kumheshimu msikilizaji. Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, ng'ambo tu ya kisiwa hiki, alianzisha mwaka 1966 kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" na akakiendesha kwa zaidi ya miaka hamsini. Alifariki dunia Februari 2025. Ni Wakenya wachache wa umri wangu wasioikumbuka sauti yake ya Jumapili.

Wengi wamemsifu kwa ucheshi wake. Mimi ningependa walimu wazingatie sarufi ya jina la kipindi. Ni swali. Mbotela angeweza kukiita "Huu Si Ungwana", akawa hakimu. Badala yake alieleza tabia fulani ya watu, kisha akamwachia msikilizaji hukumu. Familia nzima ilibaki ikijadiliana juu ya meza ya chakula. Mambo yenyewe yalikuwa madogo madogo, ya mwenendo wa kila siku, lakini mwenye kuzoea kuhukumu kwa haki katika mambo madogo hujiandaa kwa makubwa.

Na Mbotela huyo huyo ndiye aliyelazimishwa na wanajeshi waasi, tarehe 1 Agosti 1982, kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Tukio hilo linatukumbusha kwamba anayetaka kuiteka nchi huitafuta maikrofoni mapema. Basi swali la nani anasema redioni, na nani anamwuliza, si swali la burudani.

Makasha ya Kilindini

Tangu mwanzo wa karne hii, mambo yamebadilika sana. Mombasa sasa ina vituo vyake, miongoni mwavyo Baraka FM, Pwani FM ya KBC, Radio Rahma na Radio Salaam. Mnamo 2005 na 2006 palikuwapo kipindi cha "Elimika na Stambuli", kilichoendeshwa na mtetezi wa haki za binadamu Stambuli Abdillahi Nassir, ambamo mambo ya Pwani na haki za raia yalijadiliwa kwa Kiswahili. Swali lililosafiri hadi London lilikuwa limerudi nyumbani.

Lakini kupata kipaza sauti ni jambo moja, na kukitumia vyema ni jingine. Nitatoa mfano wa jambo lililougusa mji huu mfukoni na tumboni. Agosti 2019 kulitolewa agizo kwamba makasha ya bidhaa zinazoingia nchini yasafirishwe kwa reli ya kisasa hadi Nairobi. Madereva wa malori, mawakala wa forodha, wenye maghala, na mama lishe waliowauzia hao wote chakula, waliona riziki ikipanda garimoshi na kuondoka. Maandamano yakafanyika mjini Jumatatu baada ya Jumatatu. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamua kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba. Septemba 2022 Rais William Ruto, alipokwisha kuapishwa, akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudishwe Mombasa.

Sasa mchukueni mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye babake alikuwa dereva wa lori. Anasikiliza mjadala wa jambo hili redioni. Anapaswa kupata nini? Kwanza, mambo ya hakika: nani alitoa agizo, lini, na kwa mamlaka gani. Pili, madai yanayohitaji ushahidi. Mmoja akisema kazi elfu kadhaa zimepotea, au mwingine akisema reli imepunguza ajali barabarani, msimamizi hana budi kuuliza lile swali la barazani: umelipata wapi? Tatu, mambo ya kupima kwa akili na dhamiri. Reli imejengwa kwa mkopo, na mkopo sharti ulipwe. Mji nao una watu, na watu sharti wale. Hapa takwimu peke yake haitoshi. Hapa ndipo watu waadilifu wanaweza kutofautiana bila ya mmoja wao kuwa msaliti.

Msimamizi asiyeyatenganisha haya matatu humwacha kijana akiwa na hasira tu. Humwacha akijua nani wa kumchukia, bila ya kujua nini cha kudai. Na Katiba ya 2010 inampa mengi ya kudai. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishaji wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Haki hizo haziwezi kufanya kazi kwa mtu asiyejua kuuliza.

Kasoro zinazoniudhi

Sasa niseme waziwazi yanayoniudhi katika mijadala mingi ya siku hizi.

La kwanza ni hotuba iliyovaa kanzu ya mjadala. Mgeni mmoja, mara nyingi mwanasiasa, hukaribishwa peke yake, akasema kwa dakika arubaini, na msimamizi akaitikia "naam, mheshimiwa" kila baada ya sentensi. Hapo hapana mjadala. Kipindi cha Idhaa ya Kiswahili ya Ujerumani kiitwacho "Maoni Mbele ya Meza ya Duara" kimebeba somo katika jina lake: meza ya duara haina kichwa wala mkia, na aliyeketi hapo anatazamana na wenziwe.

La pili ni kukosekana kwa swali la pili. Swali la kwanza kila mtu analiweza, kwa kuwa limeandikwa tayari kwenye karatasi. Mgeni hulijibu kwa kuzunguka mbuyu. Msimamizi hodari humrudisha pale pale: "Nimekusikia, bwana, lakini nilikuuliza kiasi gani, na wewe umenijibu kwa nini." Msimamizi dhaifu huhamia swali linalofuata, au huenda kwenye tangazo la biashara.

La tatu ni kelele. Wageni wawili hualikwa kwa sababu inajulikana watagombana, nao hugombana kweli, hata msikilizaji asiambulie neno. Wahenga walisema mwenye kelele hana neno. Lakini siku hizi kipande cha kelele hukatwa kikasambazwa kwenye simu za vijana, ilhali dakika ishirini za hoja iliyotulia hazisambazwi na mtu. Hivyo kelele hulipa, na hoja hufilisika.

La nne, na pengine ndilo kubwa, ni kwamba neno la redio lisiporekodiwa na kutunzwa huenda na upepo. Nimekwisha kutaja kwamba makala za Sheikh Al-Amin tunazisoma kwa sababu zilichapishwa. Kipindi cha "Elimika na Stambuli" nacho kimeingia katika maandishi ya wanazuoni kwa kuwa mtafiti Kai Kresse, Mjerumani, alikisikiliza na kukiandikia katika kitabu chake cha 2018 juu ya Waislamu wa Pwani. Namshukuru kwa hilo. Lakini je, ni mijadala mingapi mingine iliyokosa mtu wa kuiandika? Na kwa nini kazi hiyo isifanywe na wanafunzi wetu, ambao lugha ni yao na mambo yenyewe ni yao?

Kazi ya mwalimu

Hapo ndipo ninapowageukia walimu. Mtihani wetu wa Kiswahili wa kidato cha nne umekuwa na karatasi tatu: ya insha, ya lugha na ya fasihi. Hapana hata moja inayompima mtahiniwa kwa sauti yake, akiwa mbele ya mtu anayempinga. Mtaala mpya wa umilisi umekuja na mada ya Kusikiliza na Kuzungumza, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini mada katika kitabu si kitu mpaka ipate uhai darasani, na mwalimu mwenye wanafunzi hamsini na tano atasema hana vifaa. Namwambia kwamba kifaa kipo: kinanguruma katika duka la jirani kila Jumamosi, na hakidai ada.

Niliwahi kuwapa wanafunzi wa kidato cha tatu kazi ya kusikiliza mjadala mmoja wa redio na kuuandikia ripoti. Walirudi Jumatatu na ripoti ndefu. Karibu wote waliweza kunieleza nani "aliyeshinda" na nani "aliyeaibishwa". Nilipowaomba waniandikie, kwa sentensi mbili tu, hoja ya yule waliyesema ameshindwa, darasa likanyamaza. Walikuwa wamesikia ugomvi, hawakuwa wamesikia hoja.

Tulichora jedwali la safu tatu: dai, ushahidi, jibu. Kwa majuma matatu walisikiliza wakiwa na jedwali hilo. Katika juma la tatu msichana mmoja, ambaye kwa kawaida si msemaji, alisimama akatueleza kwamba mgeni fulani aliulizwa swali moja mara tatu, na mara zote tatu safu yake ya jibu imebaki tupu, kwa kuwa kila mara alijibu swali jingine. Hakutumia neno la matusi wala la kejeli. Alituonyesha daftari. Naamini msichana huyo hatadanganywa kwa urahisi, si na mwanasiasa, si na mfanyabiashara, wala si na mwalimu wake.

Basi mapendekezo yangu ni machache na hayahitaji fedha nyingi. Kila shule ichague mjadala mmoja kwa juma. Wanafunzi wausikilize kwa jedwali. Kundi moja liandike mukhtasari wake katika daftari maalumu lenye tarehe, jina la kipindi na majina ya wasemaji, na daftari hilo litunzwe maktabani. Baada ya miaka kumi shule itakuwa na historia ya mji wake kwa mkono wa wanafunzi wake. Kisha darasa lijadili jambo lile lile, kila mwanafunzi akianza kwa kueleza hoja ya mpinzani wake mpaka mpinzani akubali kwamba ameelezwa sawasawa. Hapo tu ndipo aruhusiwe kuijibu.

Kwa vituo vya redio, ombi langu ni kwamba vihifadhi mijadala yao na kuruhusu shule kuisikiliza tena. Pia viwaite vijana studioni, si kusoma salamu, bali kuuliza maswali.

Najua watakuwapo watakaonipinga. Watasema redio inawaharibia watoto lugha, kwamba watangazaji wanachanganya Kiswahili na Kiingereza na Sheng. Ni kweli katika baadhi ya vipindi, na mwanafunzi anaweza kufundishwa kuyatambua makosa hayo kama anavyofundishwa kutambua makosa katika insha. Lakini lugha haiharibiwi na maneno ya kigeni peke yake. Huharibika zaidi inapoachwa kuwa lugha ya salamu, nyimbo na mzaha tu, huku mambo mazito ya bandari, ardhi, sheria na fedha yakizungumzwa kwa lugha nyingine katika vyumba vilivyofungwa. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Cheo hicho kitakuwa cha karatasi tu ikiwa mtoto wa Kilindini hawezi kuulizia kwa Kiswahili kasha lililopita mbele ya nyumba yao linakwenda wapi, kwa amri ya nani, na kwa faida ya nani.

Watasema pia kwamba siasa si ya watoto wa shule. Nawajibu kwamba mtoto wa dereva aliyekosa kazi mwaka 2019 aliijua siasa siku karo ilipokosekana. Hatukumkinga nayo kwa kumnyima maneno ya kuielewa. Mwisho wa juma huu kutakuwa na mjadala redioni. Mwalimu na ausikilize, mwanafunzi na ausikilize akiwa na daftari lake, na Jumatatu asubuhi swali la kwanza darasani liwe lile la barazani: umelipata wapi?